Sahihi Kumi za Injinia

Jina la Injinia alilipata akiwa na miaka kumi na miwili, siku redio ya shangazi yake ilipogoma kulia. Alifungua mfuniko, akakuta betri moja imewekwa kinyume, akaigeuza. Redio ikalia. Shangazi akapiga kigelegele, akamwita Injinia, na tangu siku hiyo hakuna mtu katika ukoo aliyetumia jina lake la kuzaliwa. Alipopata nafasi ya kusomea uhandisi, mjomba wake alisema chuo ndicho kilichobahatika.

Chuo chenyewe hakikuwa na habari hiyo. Katika jaribio la kwanza la kalkulasi, Injinia alipata kumi na tisa kwa mia.

Mhadhiri wa somo hilo wanafunzi walimwita Dhahiri. Kila alipofika kwenye hatua ngumu aliiruka, akageuka nusu kutoka ubaoni, akasema, "Na hapa ni dhahiri kwamba," kisha akaandika jibu. Wanafunzi mia tatu wakatikisa vichwa kukubali. Injinia naye alitikisa, tena kwa madaha, kama mtu aliyekuwa karibu kulisema yeye. Siku ya kurudisha karatasi Dhahiri alitangaza masharti bila kuinua macho.

"Aliye chini ya arobaini aende Chumba cha Msaada mara kumi, na kadi yake isainiwe mara kumi. Jaribio la pili akianguka tena, atafute kozi nyingine. Uhandisi si mahali pa kujaribia bahati."

Hapo maji yakamfika Injinia shingoni. Angerudi nyumbani kwa sura gani, mtu aliyepewa cheo miaka minane kabla ya kazi? Wangemwita nani? Jina lake la mwanzo hata mama yake alilitafuta kidogo kabla ya kulikumbuka.

Chumba cha Msaada kilikuwa mwisho wa ujia, jirani na stoo ya viti vilivyovunjika. Kilikuwa na meza nne na ubao mweupe wenye kalamu saba, zote zimekauka, na hakuna aliyekuwa tayari kuzitupa. Mlangoni ulijaza fomu: *Eleza kwa kifupi usichokielewa.* Chini yake mistari miwili. Injinia aliandika: "Hakuna kikubwa."

Meza ya kwanza alikaa Miwani, dada wa mwaka wa tatu ambaye mkono mmoja wa miwani yake ulifungwa kwa uzi. "Nionyeshe ulivyofanya," alisema.

Sasa tazama akili za msomi. Mtu anakwenda kutafuta msaada, na kabla ya kwenda anahakikisha haonekani kama anauhitaji. Asubuhi ile Injinia alikuwa amelichukua daftari la mwenzake wa chumbani, aliyeitwa Kimya kwa sababu ndivyo alivyokuwa, na aliyepata themanini na nane. Alinakili kila jibu kwa mwandiko wa kupendeza na kupiga mistari kwa rula. Mahali pamoja aliandika kosa kwa makusudi na kulifuta, ili ionekane kwamba alifikiri.

Miwani alisoma ukurasa hadi mwisho. "Mbona yote yako sawa?"

"Nilitaka uhakika tu, dada."

"Uko vizuri sana," alisema Miwani, akaweka sahihi.

Ikawa ndio mtindo. Juma hadi juma Injinia alipeleka kazi ya Kimya, akasifiwa kwa kazi ya Kimya, akatoka na sahihi. Alipofikisha ya sita hakukuwa na mwanafunzi mwenye furaha kama yeye chuo kizima, na ujinga wake ulikuwa mzima vilevile, haujaguswa hata na ncha ya kalamu. Waliosema mficha uchi hazai walimwona mtu wa aina hii.

Jumamosi moja alikwenda nyumbani. Mama yake alikuwa fundi cherehani na kazi aliifanyia sebuleni. Alimkuta na tepu shingoni na pini mdomoni, akimpima mke wa mwokaji mikate gauni la harusi ya mdogo wake.

"Pumua, dada," mama alisema kupitia pini.

"Napumua."

"Hupumui. Tumbo umelivuta mpaka linagusa mgongo."

"Wewe pima tu hivyohivyo, fundi."

Mama akaishusha tepu, akatoa pini mdomoni. "Nikipima hivi, gauni litalitosha tumbo la hapa kwangu. Huko harusini utakwenda na tumbo lipi?"

Injinia alicheka hadi akashika ukuta. Maskini, alidhani anayechekwa ni mke wa mwokaji.

Aliporudi chuoni alikuta Miwani ameshalipeleka jina lake kwa Dhahiri: yule kijana wa kumi na tisa kwa mia amekomaa, na Chumba cha Msaada kina upungufu wa watu. Alivishwa kilemba cha ukoka, yaani kadi ya plastiki ya kubana kifuani, imeandikwa MSAIDIZI. Angeweza kukataa. Lakini kabla hajaketi alikuwa ameshapiga simu nyumbani, na kabla jua halijatua shangazi alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba walimu wameshindwa, sasa wanamtegemea mwanawe.

Zilibaki siku saba kabla ya jaribio la pili. Mtu wa kwanza kukaa mbele ya meza yake alikuwa Mama Darasa, mwanafunzi mwenzao mwenye umri wa mama zao, aliyeanza chuo baada ya kulea watoto wanne. Daftari lake lilikuwa limefutwafutwa hadi karatasi inakaribia kutoboka.

"Mwanangu, mimi hapa sijui kitu," alisema kwa sauti ya kawaida, kana kwamba anaomba chumvi. "Anza popote."

Injinia hakuwahi kumsikia mtu akilisema neno hilo bila kuinamisha kichwa. Alikohoa, akachukua kalamu nyekundu, akaangalia ukurasa. Kwenye swali la kwanza kulikuwa na *x* jumlisha *h* ndani ya mabano, na mabano yote kwenye kipeo cha pili. Mama Darasa alikuwa ameyafungua, akapata vitu vitatu.

"Hiki cha katikati umekitoa wapi, mama?"

"Kwenye kuzidisha."

"Hapana. Kipeo kinamwingia kila mmoja peke yake. Huyu kivyake, huyu kivyake. Cha katikati hakipo." Akakipiga mstari mwekundu, mnene, wa mtu mwenye kadi kifuani.

Mama Darasa aliutazama ule mstari. "Huenda. Nimesahau mengi. Lakini ngoja nijaribu kwa namba ndogo, ndivyo nilivyozoea na watoto wangu nyumbani. Tatu na nne, jumla?"

"Saba."

"Saba mara saba?"

"Arobaini na tisa."

"Haya. Kwa njia yako, tatu mara tatu tisa, nne mara nne kumi na sita. Jumla ishirini na tano." Alikuwa akihesabu kwa sauti, na watu wa meza nyingine tatu walikuwa wamegeuka kusikiliza. "Zimepungua ishirini na nne, mwanangu. Si ndicho hiki cha katikati ulichokikata?"

Masikio ya Injinia yakawaka moto. Tangu kidato cha pili alikuwa akikata cha katikati. Kila swali alilowahi kukosa, kila karatasi aliyoificha chini ya godoro, mhalifu alikuwa huyu, na angemkamata kwa tatu na nne siku yoyote ambayo angekubali kuonyesha kazi yake mwenyewe. Kalkulasi ilikuwa imesingiziwa bure.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeiva. "Mama, nilikuwa naku... nakupi..."

Alitaka kusema nakupima. Neno likamkwama, kwa sababu akilini alimwona mke wa mwokaji mbele ya tepu ya mama, tumbo limevutwa, pumzi imebanwa.

"Sijui," alisema. "Sijawahi kujua."

Miwani aliinuka kwenye meza yake. "Na yale madaftari?"

"Ya Kimya."

"Sahihi zangu sita!" Miwani alisema, na hakika alikasirika, maana naye alikuwa amesifu mwandiko majuma sita bila kuuliza swali hata moja. Aliichukua kadi ya sahihi ya Injinia, akaipasua vipande vinne, akamsukumia kadi nyingine na fomu mpya.

Mistari miwili haikumtosha. Aligeuza karatasi akaendelea nyuma. Kisha alivua kile kibandiko cha MSAIDIZI, akakiweka mbele ya Mama Darasa, akazunguka meza, akakaa kiti cha wanaouliza.

Kwa siku tano alikwenda mara mbili kwa siku, asubuhi na mchana, na daftari lake baya kama lilivyo. Mama Darasa alimwonyesha anapokosea, Miwani alisaini kwa kukunja uso, na sahihi ya kumi ilipatikana Jumamosi saa tisa. Jumatatu wakafanya jaribio.

Alipata arobaini na saba. Pembeni Dhahiri alikuwa ameandika: *Hatua nyingi mno. Mambo dhahiri hayaandikwi.*

"Arobaini na saba kati ya hamsini?" shangazi aliuliza kwenye simu.

"Kati ya mia, shangazi."

"Basi hao walimu wana roho mbaya," alisema, akakata.

Kipindi kilichofuata Injinia alikaa mstari wa mbele, karibu na Mama Darasa. Dhahiri aliujaza ubao nusu, akageuka nusu. "Na hapa ni dhahiri kwamba..."

Injinia akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Kwangu si dhahiri. Umetokaje mstari wa tatu ukafika wa nne?"

Ukumbi mzima ulishusha pumzi, na Injinia alizisikia, watu mia tatu waliokuwa wamevuta matumbo tangu mwanzo wa muhula. Hata Kimya, nyuma yake, alifungua mdomo. "Hata mimi sijaelewa," alisema.

"Ni jambo rahisi sana," alisema Dhahiri, akaugeukia ubao. Aliandika, akafuta. Aliandika tena, akafuta kwa mkono wa koti. Kisha akaiendea meza yake, akafungua mafaili ya zamani yaliyogeuka njano, akatafuta ule ukurasa. Injinia alikuwa karibu kiasi cha kuusoma. Kati ya mstari wa tatu na wa nne, kwa wino uliofifia, lilikuwa limeandikwa neno moja tu: *dhahiri*.

Chaki ilibaki hewani. Mama Darasa akainama mbele, kwa upole kabisa, akamsogezea daftari lake.

"Jaribu kwa namba ndogo, mwalimu," alisema.