Ng'ombe Wanane wa Moagi

Mama aliniuliza kama ng'ombe wamepatikana, nikamwambia bado. Aliniuliza hivyo kila niliporudi kazini, kabla hata sijavua viatu. Mama hachezi Morakeng. Simu yake ni ya kubonyeza, ina tochi na mlio mkubwa, basi. Lakini hapa Mahalapye ng'ombe ni ng'ombe, hata awe wa kwenye kioo, na hawa walikuwa ng'ombe wa Moagi.

Morakeng ni mchezo wa simu. Una zizi lako na chapa yako, na ng'ombe wako lazima uwanyweshe maji kila siku, la sivyo wanakonda mbele ya macho ya watu. Nusu ya watu ninaowajua wanaucheza. Wanaojidai hawauchezi utawakuta wamejifungia msalani na simu.

Moagi ni fundi umeme kwenye kiwanda cha magadi kule Sua. Mwaka jana alikuja likizo, tukakaa uani kwetu, akaanza kuniletea ng'ombe zizini mwangu, mmoja mmoja, huku akimwambia mjomba wangu Seabelo ahesabu. Mjomba akahesabu kwa sauti mpaka wanane. Watu wakacheka sana. Mama hakucheka. Aliingia ndani akatoka na chai na maandazi, kwenye vikombe vile ambavyo hutolewa kabatini mgeni akiwa mgeni kweli. Moagi akasema hao ni wa mfano tu, wenye pumzi watakuja na wajomba zake baada ya mavuno. Ng'ombe mmoja mwekundu nikampa jina la Chai.

Sasa, mle kwenye mchezo kuna njia mbili za kumpelekea mtu ng'ombe. Ukimpa kabisa, chapa inabadilika palepale. Ukimwekesha, chapa inabaki yako. Yeye anatunza na kukamua, nawe siku ukiwataka unawaita wanarudi. Nje ya simu ni hivyohivyo tangu enzi za mababu. Wale wanane walikuja na chapa ya Moagi, na wakakaa nayo. Sikuuliza. Ng'ombe wa mahari huja na chapa ya kwao, hubadilishwa wazee wakishamalizana, na mimi nilipenda kuiona chapa yake kila asubuhi. Tena kwetu msichana haulizi habari za mahari. Wajomba ndio wanaouliza, sisi tunakaa jikoni tunajifanya hatusikii.

Mavuno yakapita. Wajomba zake Moagi hawakuja. Alisema mmoja wao anaumwa mguu. Simu zake zikaanza kupungua, kisha zikawa fupi, kisha zikawa za mimi kupiga. Hakunikosea neno. Ningepata neno ningelishika.

Toleo jipya la mchezo liliingia Alhamisi ya wiki ambayo mimi nilikuwa Shoshong kwenye msiba wa shangazi. Wiki nzima simu ilikaa mkobani imezimwa, maana anayechezea simu msibani husemwa mpaka azeeke. Tulizika Jumamosi, nikarudi Jumapili, nikaiwasha nikiwa bado na kitambaa cha msiba kichwani.

Nyasi zilikuwa nzuri. Hilo nawapa, nyasi zilikuwa zikitikisika kwa upepo. Ila hakuna ng'ombe aliyekuwa na chapa. Karibu wote walikuwa wamerundikwa kwenye zizi la wapotevu, lile la ng'ombe wasio na mwenyewe, wengine wamesimama migongoni mwa wenzao, wengine wamezama ardhini mpaka shingoni. Zizi langu lilikuwa tupu. Nikaenda kuchungulia la jirani, nalo tupu. Kwenye kundi letu la WhatsApp watu walikuwa wakitukana tangu Alhamisi.

Wenye mchezo walikuwa wametuma ujumbe mmoja. Ulisema: Habari mfugaji mpendwa, tunatambua kwamba baadhi yenu mnapitia changamoto ndogo, tunalifanyia kazi, asante kwa uvumilivu wako. Chini kulikuwa na picha ya ndama anatabasamu. Kesho yake ukaja uleule. Keshokutwa uleule, ila ndama amevishwa kofia.

Kundini kuna mzee mmoja, Rre Mokgosi (Rre kwetu ni bwana, kama vile Mma ni bibi), polisi mstaafu, ambaye hutuma ujumbe wa sauti mrefu kama mahubiri. Alianza na kampuni, akaenda kwa ndama, akaenda kwa mtu aliyemchora ndama, akamalizia na wazazi wa huyo mchoraji. Watu wakamwambia mzee pumzika, unywe maji. Akasema atakunywa ng'ombe wake wakishakunywa.

Mimi sikukasirika. Nitasema ukweli, nilifarijika. Kabla ya hapo ukimya wa Moagi haukuwa na sababu, na sasa mambo yote yalikuwa na sababu moja. Nikamwandikia kwamba wale wanane hawaonekani. Ilipita siku, ikapita nyingine, akajibu:

"Hata mimi wangu siwaoni, Kele. Ni hiyo apdeti. Huku mtandao mbovu, sijaweza hata kuingia. Vumilia, watarekebisha."

Niliusoma ujumbe ule kwenye foleni ya benki, nikausoma dukani, nikausoma nikiwa nakoroga uji. Ulikuwa na jina langu ndani yake.

Nafanya kazi kwenye duka la dawa za mifugo. Wiki zile niliuza dawa ya minyoo, dawa ya kupe, hereni za masikio ya ng'ombe, kamba. Mtu akiniuliza kipimo nilimjibu sawasawa. Chakula nilikula, sikumbuki nilikula nini. Mwenye duka aliniambia nimekuwa mpole siku hizi, akadhani ananisifu.

Nyumbani, mama alikuwa amemtenga mbuzi mmoja dume, mweupe, akamfunga nyuma ya jiko na kumlisha pumba ili anenepe. Alikuwa wa wajomba zake Moagi, wa kuwapokelea. Mama hakulisema hilo, na mimi sikuliuliza. Kila siku alimpelekea maji, halafu anakuja kuniuliza mimi habari za ng'ombe. Nilimweleza kwamba ni hitilafu, kwamba watu wote wamepotelewa, si mimi peke yangu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na Moagi anasemaje?"

"Anasema nivumilie, mama."

"Haya," alisema, akaenda kwa mbuzi wake.

Rre Mokgosi alikuja dukani siku moja akataka dawa ya kupe, chupa ndogo. Najua, na kila mtu anajua, kwamba hana ng'ombe. Aliuza wa mwisho ukame ule mkubwa ulipomchosha, akabaki na wale wa kwenye simu. Nilimfungia chupa yake nikamtazama tu. Aliegemea meza akaanza upya: ameandika kwa kampuni, amejibiwa na mashine, ameandika tena, mashine imemwita mfugaji mpendwa. Nikamwambia labda wana kazi nyingi, watarudisha tu, tuwape muda.

Alinitazama kama wanavyotazama polisi.

"Mma, wewe mbona unawatetea sana?"

Nilipanga hereni za masikio ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Mimi sidai ng'ombe," alisema. "Wakifa wafe, nimeshazika wa kweli. Mimi nataka mtu aniambie. Aseme Mokgosi, ng'ombe wako wamekwenda, hawarudi. Nitakwenda nyumbani nikalale. Lakini kunitabasamulia na ndama kila siku, huko ni kunifanya mimi mtoto."

Nikamwambia ni kweli, Rre. Nikamrudishia chenji yake, akaondoka, chupa ya dawa ya kupe akaiacha mezani. Niliirudisha kwenye rafu.

Wakarekebisha siku ya Jumatano, asubuhi na mapema, nikiwa ndio kwanza nafungua duka. Nilijua kwa sababu simu ilianza kutetemeka mfukoni mwa koti la kazi bila kukoma. Kundini kila mtu alikuwa anapiga picha ng'ombe zake. Rre Mokgosi alituma sauti ya dakika nzima akiwaita kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na sauti ilikuwa inamkatikakatika. Hakuna aliyemtania.

Safari hii hapakuwa na ndama. Wenye mchezo walikuwa wameandika kama watu. Walisema kosa ni lao. Walisema toleo jipya lilifuta chapa za ng'ombe wote, na ng'ombe wasio na chapa wakapelekwa kwenye zizi la wapotevu bila kukusudia. Walisema hakuna ng'ombe hata mmoja aliyepotea, na kila ng'ombe amerudishwa kwenye zizi lile alimokuwa usiku wa Jumatano ile, kabla ya toleo kuingia. Walisema wanaomba radhi kwa kukaa kimya.

Nikafungua zizi langu. Lilikuwa na nyasi zake zinatikisika, na birika la maji limejaa.

Nilisubiri kwanza. Nikamhudumia mteja wa kamba. Nikafungua tena, tupu. Nikaandika kundini kwamba wangu wanane hawajarudi. Watu wakasema pole, andika kwa kampuni, wamezoea kula za watu. Rre Mokgosi peke yake ndiye aliyenipigia.

"Mma, una majina yao?"

"Ninayo."

"Basi andika jina pale pa kutafutia. Wameleta hicho kitu kwenye hili toleo, kinakuonyesha ng'ombe amesimama wapi. Ndicho kitu cha maana pekee walichofanya."

Nikamshukuru. Nikaandika: Chai.

Akatokea palepale. Alikuwa amenenepa, manyoya yanang'aa, chapa ya Moagi ubavuni. Alikuwa amesimama katika zizi la Moagi. Wenzake saba walikuwa nyuma yake, mmoja anajikuna kwenye nguzo. Chini ya jina la kila ng'ombe siku hizi wanaandika habari zake kidogo, na chini ya Chai kulikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ulisema ameitwa na mwenyewe siku ya Jumanne, Jumanne ile nilipokuwa Shoshong nakata mboga za msiba. Wa pili ulisema amenyweshwa maji leo asubuhi.

Nikamwangalia yule wa pembe moja. Leo asubuhi. Na yule wa madoa. Leo asubuhi. Wote wanane, kule kwenye mtandao mbovu.

Kwetu mwanamume anayemwacha msichana hadai ng'ombe. Akishaleta, ameleta, wanabaki kuwa fidia ya maneno yake, na hapo watu wanajua kwamba aliacha. Lakini aliyewekesha hana fidia ya kulipa. Anaita vyake, vinarudi, na hakuna shauri la kupeleka kwa wazee. Mjomba Seabelo alihesabu kwa sauti, wala hakuuliza wameletwa kwa njia gani. Hata yeye aliona aibu kuuliza jambo dogo hivyo kwenye simu.

Iliniuma, lakini kwa mbali, kama jino lililochomwa ganzi. Nilitaka kukasirika, sikupata hasira ya kutosha. Nikaweka simu chini, nikauza dawa ya minyoo ya mbuzi kwa mama mmoja, nikamweleza kipimo kwa kilo. Nilipofunga hesabu za jioni zilikuwa sawa.

Sikumwandikia Moagi. Ningemwandikia nini? Angenijibu kwamba ni apdeti.

Mama alikuwa nyuma ya jiko, ndoo mkononi, mbuzi anakunywa. Alinisikia nikifungua geti, akaniuliza bila kugeuka.

"Wamepatikana?"

"Wamepatikana, mama."

Hapo akageuka.

"Wote?"

"Wote wanane. Wamenenepa."

"Wako wapi?"

"Wako kwao."

Hakuuliza kwao wapi. Mama ameolewa, ameona ng'ombe wakija na ameona wa watu wengine wakirudi. Aliiweka ndoo chini taratibu, akasimama akimtazama yule mbuzi, mikono kiunoni.

"Amejua kuwanywesha?" aliuliza.

"Hata leo asubuhi, mama."

"Basi huyu nimfungulie?"

"Mfungulie."

Akainama, akahangaika na fundo, maana lilikuwa limekaza kwa kukaa muda mrefu. Sikumsaidia, nilikuwa nimeshika mkoba tu. Kamba ilipotoka, mbuzi hakuondoka. Alibaki palepale penye ndoo, akiangalia kama ataletewa pumba.

Niliingia ndani nikakaa kitandani na viatu. Simu ikatetemeka. Walikuwa wenye mchezo tena. Waliuliza kama nimeridhika na jinsi walivyoshughulikia tatizo langu, nichague kuanzia nyota moja hadi tano. Kundini watu walikuwa wakihimizana wawape moja, wawakomeshe, na Rre Mokgosi alikuwa anauliza kama kuna namna ya kuwapa sifuri.

Nikawapa tano. Walichelewa, lakini mwishowe waliniambia.