Kivuli Kilichohamia kwa Mshonaji

Mshonaji alikuwa akipiga pasi sare za shule wakati wakata miti walipozima msumeno upande wa pili wa ua. Mti mkubwa wa zahanati ulikuwa umelala chini. Mganga mkuu alitaka mahali pa kuegesha gari lake, na wagonjwa waliozoea kusubiri chini ya mti ule wakabaki juani, wamejifunika nyuso kwa kadi zao za kliniki.

Mama yake mshonaji, mgonjwa wa presha, alianguka kwenye foleni siku ile ile. Akarudishwa nyumbani amebebwa, midomo imekauka.

"Kule sirudi tena," alisema. "Heri nifie kitandani, angalau pana dari."

Mti ulisagwa wote ukawa vibanzi. Mshonaji aliomba magunia kadhaa, kwa sababu mndimu wake ulikuwa umenyauka na nyanya zilikuwa zikiinamisha vichwa hata kabla ya adhuhuri. Aliloanisha udongo, akatandaza vibanzi kwa unene wa kiganja ili unyevu usikauke, akaacha nafasi kuzunguka shina la mndimu lisije likaoza. Kisha akarudi kwenye cherehani.

Kesho yake jua lilipopanda, kivuli kilifika. Kilifunika bustani, kibaraza na nusu ya ukuta wa jirani. Majani yalicheza ukutani, ingawa juu hapakuwa na tawi hata moja. Mama alitoka na kiti chake, akakikagua kivuli, akakaa.

"Ni kile kile cha zahanati," alisema. "Hata pale lilipovunjika tawi, jua linapenya."

"Basi sogea, mama, lisikupige kichwani."

Wagonjwa nao wakahamia. Muuguzi aliwaita majina kwa kuchungulia juu ya ua, na ilipofika zamu ya mama alivuka yeye mwenyewe na kipimo cha presha, akampima pale pale kitini.

"Imeshuka, bibi. Imeshuka vizuri."

Mshonaji alikaa kizingitini, akalia kidogo, kisha akacheka, kwani alikumbuka kwamba kwa wasiwasi alikuwa ameshona mikono ya sare moja ndani nje. Nyanya zilikuwa zimeinua vichwa.

Mganga mkuu alikuja kuona. Alisimama kivulini, akafuta jasho shingoni, akaonekana kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Hongera, dada. Sasa sina haja tena ya kujenga banda la kusubiria."

"Na ule mti wa dirishani kwenye chumba cha wajawazito?" mama akauliza.

"Ule nao tutautoa. Mke wangu amenunua gari."

Juma lililofuata wakata miti walikuja mlangoni na mkokoteni uliojaa vibanzi, bila kuitwa.

"Dada, tumwage wapi?"

Mshonaji alitazama huku na huku. Upande wa jikoni ulikuwa unachomwa na jua la alasiri, na wajawazito wangehitaji mahali pa kunyoosha miguu. Akaondoa ndoo njiani, akawaonyesha.

"Hapa," alisema. "Na mlete yote."