Kichaka Alichokilenga Doreen

Lamar alitoka kichakani akiwa mzima, na Doreen akashukuru kimyakimya. Kaka yake alikuwa ameinua mkono wa kushoto, anajichungulia kwapani kama mtu anayetafuta kupe. Koti lake la sufu la kahawia, la mtindo wa babu zao, lilikuwa na tundu mbele na tundu nyuma. Kidole gumba kingepita.

"Dada, umeniharibia koti," alisema, akacheka. Kisha akajikuta ameketi kwenye theluji.

Doreen alikuwa amemfyatulia kulungu, akaacha gobore juu ya mwamba, akateremka mbio kufuata damu yake. Damu hakuiona. Aliyemwona ni huyu, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka msitu na kuwasukuma kulungu wamjie dada yake, kama walivyofanya kila Januari tangu utotoni katika milima hii ya Pennsylvania. Lamar alipaswa kuwa bado juu ya mteremko. Badala yake alikuwa amekata njia ya mkato, akatokea nyuma ya kulungu, futi tatu pembeni, ndani ya majani makavu yenye rangi ileile ya koti lake.

Baba yao, mzee Harlan, alifika anahema, kisu mkononi. Kwao anayekosa kulungu hukatwa pindo la nyuma la shati, kitambaa kikatundikwa ukutani katika kibanda chao cha kuwindia, na jina lake juu.

"Geuka, binti yangu, usione haya. Hata mama yako alika..."

Akaliona tundu.

"Hatua ngapi?" aliuliza.

"Mia na thelathini."

"Nimekwambia mara ngapi, Doreen? Hili ni gobore. Goroli yake ya risasi ikishavuka hatua mia inachoka, upepo unaibeba unakotaka. Umeona sasa? Imebebwa mpaka kwa nduguyo."

"Upepo una wivu na mimi," Lamar alisema, meno yakigongana. "Hautaki nile pai ya mama leo."

Basi, hadithi ilikuwa imeshapatikana. Ni upepo. Hakuna ambaye angeuliza zaidi, na mwaka ujao wangeisimulia mezani huku wakicheka. Doreen aliona uongo ule ulivyo mtamu, akaogopa kuliko alivyoogopa tundu.

Kwani kule mwambani upepo ulikuwa ukimpiga shavu la kushoto mpaka jicho likatoa machozi. Akafanya kama baba alivyomfundisha: akamwacha kulungu, akalenga kando, upande upepo unakotoka, ili upepo wenyewe uirudishe goroli kwa mnyama. Futi tatu kushoto. Pale palikuwa na kichaka, naye hakukitazama. Macho yake yote yalikuwa kwa kulungu.

"Baba, huku bondeni kuna upepo?"

Mzee alitazama majani. Hakuna lililotikisika. Mlima ulikuwa umelikinga bonde lote.

"Hakuna," alisema taratibu.

"Basi haikubebwa. Imekwenda nilikoilenga. Nilikilenga hicho kichaka."

Lamar aliacha kucheka. "Unasema nini, Doreen?"

"Nilikulenga wewe. Katikati kabisa. Imepita kando kiganja kimoja tu, na hata sijui kwa nini."

Lamar aliingiza kidole kwenye tundu, akakitoa haraka, akamtazama dada yake kama ndiyo kwanza anamwona.

"Mimi ndiye niliyemfundisha," mzee Harlan alisema, akimwambia Lamar, si Doreen. "Lenga kando, nilimwambia. Sikumwambia atazame hapo kando pana nini."

Alikunja kisu, akakirudisha mfukoni.

"Shati halikatwi," alisema. "Hukukosa."

Kisha akapiga magoti kwenye theluji, akaweka kiganja ubavuni mwa mwanawe, pale penye tundu, na alipoambiwa wainuke waende nyumbani, alikataa kukitoa.