Khalayi Anaipima Shule ya Njiru

Sekondari gani haina kengele? Khalayi alisimama nje ya lile geti la Njiru akaangalia juu, akaangalia chini, kama mtu anayeuziwa samaki wa juzi. Bango pia hakuna! Na nani asiyejua, kutoka mtaa wa Donholm mpaka Komarock, shule ikipata hata A moja inaitundika getini, sura ya mtoto kubwa kuliko mlango?

"Hapa ndio wanatupa walioshindwa," akamnong'onezea binti yake.

"Mum, tafadhali."

Nekesa alikuwa Form Three, na kwa hesabu alikuwa moto: namba moja, namba mbili, hashuki hapo. Bweni ndilo lililomshinda. Kengele ikilia tu, kifua kinambana, mikono inatetemeka, pumzi haipatikani. Siku ya kusomewa matokeo mbele ya shule nzima, akaanguka chini pu! Majirani wakasema ana mimba. Wengine wakasema mapepo. Daktari akasema ni wasiwasi uliozidi, unatibika, ila atafutiwe shule ndogo. Ndogo sawa, Khalayi aliwaza, lakini isiwe ya mchezo. Mtoto anataka uinjinia, na uinjinia haupatikani kwa kubembelezwa.

Mwalimu Kyule aliwafungulia mwenyewe, amevaa malapa. Malapa! Wanafunzi ishirini, nyumba ya kawaida, sebule ndio darasa.

"Mnapanga watoto namba?" Khalayi akauliza.

"Hatupangi, mama."

"Sasa mnajuaje nani anasoma?"

"Tunasahihisha."

Majibu mafupi hivyo! Mwenye kuficha kitu haongei mengi. Khalayi akafungua mkoba, akatoa mtego wake: karatasi ya mock, mtihani wa majaribio wa shule moja kubwa, aliyoichapisha kwenye saiba, duka la intaneti la Donholm, majibu yako nyuma.

"Nifanyie hii, mwalimu. Hapa hapa nikiona."

Bomba la kwanza linajaza tangi kwa masaa matatu, la pili kwa sita, la tatu linalikausha kwa manne. Yote yakifunguliwa pamoja, tangi litajaa baada ya muda gani? Kyule akasoma mara moja. "Masaa manne."

Khalayi akageuza karatasi. Saa moja na dakika ishirini.

"Nilijua! Nekesa, twende nyumbani!"

"Mum, ngoja." Nekesa alishaichukua karatasi. "Hii bomba ya tatu inatoa maji. Hawa wameihesabu kama inajaza. Mwalimu ako sawa."

"Ati shule kubwa ndio imekosea?"

"Imekosea, Mum."

"Thibitisha," Kyule akasema, akimnyooshea Nekesa chaki.

Darasa zima likageuka. Nekesa akarudi nyuma mpaka mlangoni, na Khalayi akasogea tayari kumdaka. Lakini Kyule aliweka chaki mezani. "Andika popote. Hata nje." Akarudi kwa wengine, nao wakarudi kwa vitabu, kama wamezoea.

Nekesa aliichukua chaki, akachuchumaa verandani akaandika sakafuni. Zilipita dakika kumi hivi, Kyule akaja akainama.

"Jibu sawa. Umeruka hatua. Maksi mbili kwa tatu."

"Mbili? Si hiyo hatua inaonekana!"

"Inaonekana na nani? Iandike."

Khalayi akashika mdomo. Mtoto ambaye tangu Januari hajafungua mdomo mbele ya mwalimu, leo anabishana! Na huyu wa malapa, kumbe ni mchoyo wa maksi! Mchoyo kabisa! Roho yake ikalegea kidogo. Kidogo tu.

"Atajaribu wiki moja," akamwambia Kyule. "Na mimi nitakuwa nakuja bila kupiga simu."

"Karibu."

"Sijaomba karibu. Nimesema nitakuja. Nekesa, haya."

Nekesa hakuinua kichwa. Kyule alikuwa amempa swali lingine: bomba la tatu lifunguliwe baada ya saa moja.

"Tangulia, Mum. Sijamaliza."

Khalayi hakutangulia. Alivuta kiti cha plastiki, akakiweka mahali anapomwona mwalimu vizuri, akakaa.