Msumari wa Tatu

Mimi ni fundi viatu, kwa hiyo mtu akiniambia twende likizo tukatembee, nasikia kama anamwambia mwoka mikate twende likizo tukakande unga. Lakini ukwe ni ukwe. Baba mkwe wangu alipeleka barua kwa miguu miaka thelathini na mbili, akastaafu, na badala ya kukaa kitako kama wazee wenzake akaanzisha mtindo wa kuwapeleka wanawe kisiwani kila mwaka, wakizunguke kwa miguu. Siku tatu nzima! Unapanda meli, unatapika, unafika, kisha unatembea mpaka unarudi pale pale uliposhukia. Mama mkwe alikwenda mara moja, akasema ameona, asante, na tangu hapo hubaki nyumbani na tamthilia zake.

Sikatai, kisiwa ni kizuri. Huku bahari, huku majabali yenye nyasi, na siku ya tatu, kwenye ncha kabisa, kuna mnara wa taa mweupe. Baba huufikia, huugusa kwa kiganja, husema, "Haya, turudi." Basi. Watu wazima wanavunja magoti siku tatu ili mzee mmoja akapapase ukuta.

Mwaka huu tulikuwa watano: mimi na mke wangu, dada yake ambaye ni muuguzi na bingwa wa kutoa amri, mume wa huyo dada, yaani mwanyumba wangu, ambaye anauza bima na hata kutembea anatembea kama anauza bima, na Baba mwenyewe. Mbele yetu alitangulia binti wa kutuongoza, mwenye filimbi shingoni, akiipuliza kila tulipotakiwa kupendezwa na kitu.

Sasa nieleze jambo la viatu, maana ndilo lililonipa kichwa kikubwa. Nimemuoa binti yake miaka kumi na minne, na Baba bado ananiita Fundi, kama mtu anavyomwita fundi bomba akishamaliza kuziba. Viatu vyake vya kazi, vile vya posta, alikuwa akivipeleka kwa fundi mwingine kabisa, ng'ambo ya mji, akipita mbele ya duka langu navyo mkononi. Mwaka huu fundi huyo alifunga duka. Baba akaja, akaviweka mezani kwangu bila salamu, akasema, "Tunasafiri Ijumaa."

Jamani, nilivishughulikia viatu vile kama bibi harusi. Nilibadilisha soli, nikashona kwa uzi wa nta, nikaweka soli mpya ya ndani. Kazi hiyo ina utaratibu wake. Unapaka gundi, unashikiza kwa misumari midogo mitatu, unaacha ilale, kesho yake unaing'oa kwa koleo. Mikono imejaa, kwa hiyo misumari tunaibana mdomoni. Mitatu imetoka, mitatu imerudi, ulimi ndio unaohesabu. Nilipokuwa naing'oa ile ya kiatu cha kushoto, shemeji muuguzi akapiga simu kunisomea orodha ya vitu vya safari, na mimi nikawa namjibu kwa pua, mm, mm, soksi jozi sita, mm. Ulimi ukahesabu mitatu. Nikaitema yote kwenye kopo, kazi imekwisha.

Siku ya kwanza kisiwani nilimsogelea Baba kwenye mlima wa kwanza. "Baba, viatu vinasemaje?"

"Havisemi kitu," akajibu, akaendelea kupanda.

Loh! Nikavimba. Hasa kwa kuwa nyuma yetu mwanyumba alikuwa analia na viatu vipya vya dukani, fimbo mbili mkononi na malengelenge manne miguuni. Siku ya pili nilimuuliza Baba tena, mbele ya watu, kwa makusudi. "Havisemi kitu." Mke wangu akanifinya, akaninong'oneza nisijionyeshe. Nilijionyesha mpaka kwenye nyumba ya wageni.

Tulifika pale saa tisa alasiri. Njia ilikuwa na tope, nikajitolea kusafisha viatu vya wote barazani, kwa wema wangu na kwa kiherehere. Nikachukua cha kushoto cha Baba, nikaingiza mkono ndani kufuta, na kitu kikanichoma kidole.

Nilivuta soli ya ndani. Msumari ulikuwa umesimama pale, hauna kichwa, ncha juu ya ngozi kama punje ya mchele. Nikaelewa papo hapo. Koleo lilikata kichwa, kichwa peke yake ndicho kilichorudi mdomoni, na ulimi wangu mpumbavu ukakihesabu kuwa msumari mzima. Soli ilipobonyea kwa kutembea, kipande kilichobaki kikatokeza. Kukizunguka kulikuwa na damu, nyingine kavu, nyingine mbichi. Ya siku mbili.

Kwanza nilijionea huruma mimi, nasema kweli. Miaka kumi na minne nangojea viatu hivi, halafu namtoboa mzee! Ndipo nikakumbuka lile jibu lake, na jasho likanitoka. Havisemi kitu. Mtu ametembea siku mbili juu ya msumari, milima mitano, na havisemi kitu.

Kiatu cha namna hii nimekiona dukani kwangu mara moja. Kilikuwa cha mwalimu mmoja, kina kokoto ndani kubwa kama harage, na yeye hana habari. Ilikuwa kisukari, kimeshaua hisia za nyayo. Tulicheka sana siku ile, mimi na yeye. Mwaka uliofuata alikuja kwa magongo, kuuliza kama naweza kumtengenezea kiatu kimoja tu.

Nikaenda chumbani kwa Baba na kiatu mkononi. Alikuwa amekaa kitandani, soksi miguuni, anasoma karatasi ya bei za kufulia nguo iliyobandikwa ukutani. Nikamwonyesha msumari. Nikampa na kisa cha mwalimu, chote.

"Tangu lini husikii miguu, Baba?"

"Tangu mwaka jana." Alisema kama mtu anayetaja saa. "Daktari aliniambia nirudi wiki ile anieleze. Nikaona kama ni kunieleza tu, basi anaweza kumweleza mwingine."

"Mama anajua?"

"Mama yako akijua, nitaketishwa kwenye kiti mpaka nife. Kesho tunafika mnarani. Nikishaugusa, fanyeni mnavyotaka." Akanitazama chini juu, akaona vizuri mahali pa kunibana. "Na wewe, Fundi, ukifungua mdomo, itabidi niwaambie nani aliacha msumari. Funga wako, nifunge wangu."

Mzee mshenzi! Na heri ningesema nilikataa pale pale. Nilitoka nikakaa barazani saa nzima, na nikajipa kila sababu. Ni siku moja tu. Ni mguu wake. Mtu mzima ameamua. Nilisafisha kiatu cha mwanyumba mara tatu.

Tulikula mapema, jua bado linaingia madirishani. Mwanyumba akaweka kijiko chini, akasema kwa sauti ya unyonge, "Mwanyumba, nakubali. Nikirudi nakuletea hivi viatu vyangu uvifanye kama vya Baba." Meza nzima ikacheka, mke wangu akanishika goti chini ya meza, ana furaha ambayo sijamwona nayo siku nyingi. Baba akanitazama, akainua glasi ya maji kidogo. Miaka kumi na minne nilikuwa naingojea ile glasi.

Nikasimama.

"Niliacha msumari ndani ya kiatu cha Baba," nikasema. "Cha kushoto. Umekuwa ukimchoma tangu jana asubuhi."

Wacha weee! Mwanyumba alicheka mpaka maji yakampalia, malengelenge yote yamepona kwa mara moja. Mke wangu akaniachia goti, akafunika uso. Binti wa filimbi akauliza kama ninayo leseni. Shemeji akaanza kunipasha, kwamba mimi ni mzembe, hata kopo la misumari siwezi kuaminiwa nalo, ningemuua baba yao. Kisha katikati ya sentensi akamgeukia Baba.

"Tangu jana asubuhi?" akasema. "Baba. Na wewe hukusema?"

Baba alikuwa anatafuna. "Kidogo tu. Sikutaka kumwaibisha Fundi."

Mtu aliyepita na viatu mbele ya duka langu miaka yote ile, eti hakutaka kuniaibisha! Shemeji akasukuma kiti nyuma. Alishuka chini ya meza kama alivyo, na gauni lake, akamvua soksi. Ilinata. Tukamsikia anavuta pumzi. Nami niliinama nikaona: tundu limevimba, jekundu kwa jeusi, na kidole cha mwisho kimeshabadilika rangi.

"Nikibonyeza hapa unasikia?"

"Wapi?" Baba akauliza, akaendelea kutafuna.

Hakuna aliyecheka tena. Mke wangu alianza kulia bila sauti, na mimi nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo, hata siku mwanangu wa kwanza anazaliwa. Shemeji akatoka chini ya meza, akapiga simu mbili, akatangaza kwamba boti inaondoka asubuhi saa moja na Baba anapanda, apende asipende. Baba aliweka kijiko, akanitazama mimi peke yangu. Heri angenitukana.

Asubuhi gatini alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha plastiki, mguu umefungwa bandeji mpaka kifundoni, mgongo ameupa mnara, ingawa kutoka pale hauonekani hata kidogo. Shemeji alisema wakimwahi, kidole labda kitaenda, mguu utabaki. Labda. Nilisimama pembeni, sijui niage au nijitose baharini.

"Fundi."

Nikaenda. Chini ya kiti chake kulikuwa na mfuko wa nailoni, viatu vya posta ndani, na tope lake. Akausukuma kwangu kwa mguu mzima.

"Vitengeneze. Vyote viwili, umesikia? Mimi si yule mwalimu wako."

"Vyote viwili, Baba," nikasema, nikauokota mfuko.

"Na safari hii uhesabu kwa macho."