Dirisha la Saning'o

Mwaka 2003, kwenye ofisi ya kampuni moja ya utalii mjini Karatu, Elimringi, fundi wa kompyuta, alishinda kutwa akihangaika na programu ya kuandikisha wageni na waongozaji wao. Ilikuwa na dirisha kuu, lile ambalo watu wa kompyuta huliita mzazi, na ukibonyeza kitufe lilifunguka juu yake dirisha dogo, mtoto. Kilichoandikwa kwa mtoto hakikumfikia mzazi. Ukilifunga dirisha dogo, kila kitu kilipotea.

Saa kumi na moja jioni alibonyeza tena, na ndani ya dirisha dogo akatokea Saning'o, kijana wa Olbalbal aliyekuwa akiwatembeza wageni wa kampuni kwa miguu. Alikuwa amezikwa mwezi wa tatu. Shuka yake ilijaa vumbi.

"Nina kiu," alisema.

Elimringi alimjibu, lakini kijana hakusikia. Akaenda kumwita mama yake Saning'o, Namelok, aliyekuwa akifagia korido. Namelok aliegemeza ufagio ukutani, akaja kuketi.

"Amekonda," alisema. Akamwita mwanawe kwa Kimaasai. Saning'o aliendelea kutazama mbele.

"Hakusikii, mama. Nililifungua dirisha lake bila kuliambia mzazi wake ni nani. Ngoja nirekebishe."

Akarekebisha. Sasa kila mtoto alipofunguliwa, alikabidhiwa mzazi wake kwanza. Saning'o akainua macho.

"Yeyo," alisema, akimwita mama kwa Kimaasai.

Namelok alisogeza chupa yake ya maziwa kwenye kioo. Maziwa yakapungua taratibu mpaka yakaisha. Ndipo akamuuliza mwanawe alikuwa akitafuta nini kule kwenye genge la mlima alikoporomoka akafa.

"Bosi alinituma. Mgeni aliangusha kamera. Nilimwambia mvua imelainisha udongo, akasema nishuke tu."

Hapohapo jina la Saning'o likatokea kwenye dirisha kuu, miongoni mwa waongozaji.

Bwana Herbert, mwenye kampuni, alikuwa amesimama mlangoni. Siku ya mazishi ndiye aliyesema kijana alikwenda gengeni kwa mambo yake, tena hakuwa mfanyakazi wake.

"Data zinapita sasa?" aliuliza.

"Zinapita, bosi."

"Vizuri. Hilo jina lifute."

Elimringi alitaka kukataa. Akafuta. Namelok alimwangalia mpaka alipomaliza, kisha akamgeukia mwanawe wakaendelea na habari za ng'ombe.

Tangu hapo Namelok alikuja kila jioni baada ya kazi. Wafanyakazi walizoea, mwenye mgeni wa kuandikisha alimsubiri amalize.

Mwezi wa saba wageni walikuwa wengi. Mmoja aliangusha darubini kwenye genge lilelile, akashushwa kijana mwingine, Yohani. Walipotoka kumzika, Bwana Herbert alimwambia Elimringi alipanue kidogo lile dirisha dogo, wawili watoshe.

Akalipanua. Jioni ileile alikuja mama yake Yohani, na Namelok akasogea kwenye benchi kumpisha.