Mistari Minane ya Numisio

Kwa miaka miwili Numisio alimwandikia Rubelia mashairi ya mapenzi. Rubelia alikuwa mjane wa mfanyabiashara wa sufu, mwanamke mcheshi, mwenye pengo la jino la mbele alilolitania mwenyewe. Numisio aliyasoma mashairi yale karamuni, wageni wakamsikiliza kwa adabu tu.

Mwezi wa Aprili Rubelia akawa kimya. Barua tatu, jibu hakuna. Siku moja, Numisio na rafiki yake Kasko wakipakwa mafuta kwenye bafu la umma, Kasko akamwinamia.

"Umelala, ndugu yangu? Mwenzio anaingia kwa tajiri mmoja kule kilimani Aventino. Leo siku ya nne. Tena kajitanda ushungi mpaka puani!"

Damu ikamchemka. Hakuuliza, hakungoja. Palepale akatunga mistari minane: kwamba pengo lile ni mlango usio na komeo, na kila mwenye viatu vizuri hupita. Kasko akacheka hadi akashika mbavu.

"Hebu rudia!"

Wanaume wengine wakasogea. Akarudia.

Kesho yake mistari ilikuwa imeandikwa kwa mkaa ukutani kwa mwoka mikate, na kwenye nguzo za sokoni. Numisio alipita akijifanya haoni, moyoni anachekelea.

Siku ya tatu akaja Trebia, aliyekuwa mtumwa wa Rubelia kabla ya kuachwa huru. Hakuketi.

"Yule tajiri ni shemeji yake bibi. Mdogo wake bibi, mke wa tajiri huyo, alijifungua, akashikwa na homa. Bibi alimuuguza hadi dakika ya mwisho. Jana tumemzika. Watu walikuwa wanacheka, Bwana Numisio. Nyuma ya jeneza. Kila bibi akifungua mdomo kulia, wanacheka."

Numisio akatoka mbio na jiwe, akaanza kuukwangua ukuta. Mwoka mikate akamtazama kwa huruma.

"Usijisumbue, bwana. Mimi hata kusoma sijui, na mistari yote nimeishika."

Rubelia alimpokea mlangoni, akizungumza huku kaziba mdomo kwa kiganja.

"Ungeniuliza tu."

"Nitatunga jingine, Rubelia. Nitakanusha kila neno."

"Tunga. Yale ya kwanza yalikuwa mazuri sana. Nitajie mtu mmoja anayeyakumbuka."

Mwezi haukuisha, Rubelia akahamia mji wa Kapua.

Shairi la kuomba radhi lilimchukua majira yote ya joto. Hakuwahi kutunga shairi zuri kuliko hilo. Alilisoma nyumbani kwa Kasko, na alipofika katikati mgeni mmoja akapaza sauti:

"Basi, basi, tumesikia! Tupe lile la pengo!"

Numisio akakataa. Kasko akainuka, akaanza yeye, na meza nzima ikamwitikia, neno kwa neno.